Kabla Hujaukataa Ugali wa Shangazi

Rainelda mwanangu, mama yangu mdogo,

Umekwenda Lizaboni kusukwa, na kwa jinsi ninavyoijua foleni ya yule msusi wako, hutarudi leo mapema. Nimefunika cherehani na nimemwambia mama mmoja aliyefuata sare ya mwanawe apite siku nyingine. Amesonya, akaondoka. Sisi mafundi tumezoea kusonywa. Nimeona nikuandikie sasa hivi, maana mdomo wangu naujua. Tukikaa wawili nitaanza utani, wewe utacheka, na utaondoka bila mimi kukuambia ninachotaka kukuambia.

Habari za sweta sitaziandika. Mama yako ameshakueleza baridi ya Njombe ilivyo mpaka na mimi nimeanza kutetemeka hapa Mfaranyaki, na begi lako amelipanga, akalipangua, akalipanga tena. Mambo ya kuchagua marafiki na kutunza simu nayo nayaacha. Umekua, unajua. Mimi nataka tuzungumze ndoto yako tu.

Najua unadhani sikuisikia. Juzi asubuhi ulimsimulia mama yako jikoni mkidhani nimeshafungua kibanda, kumbe nilikuwa nyuma ya nyumba natafuta kandambili. Nikasimama palepale na mguu mmoja peku. Ulisema umeota umekaa kwenye mkeka katika nyumba usiyoijua, na shangazi yako Skolastika, unayemjua kwa picha tu, amekaa kwenye kigoda mbele yako, anamega ugali, anauchovya kwenye mboga, anakulisha kwa mkono wake. Unataka kukataa, lakini mdomo unafunguka wenyewe. Kila ukimeza, sahani inajaa upya. Ukaamka na ladha ya chumvi mdomoni, ukatoka kwenda kusukutua.

Kisha nikasikia yaliyofuata. Rafiki yako wa kikundi cha maombi alikuambia kwa simu kwamba kula ndotoni ni kulishwa vitu vya giza, na anayekulisha ndiye anayekutafuta. Akasema mtu mwenye akili hawezi kwenda kulala chini ya paa la mtu huyo. Na wewe ukasema kwa sauti ndogo, "Bora chuo nikiache tu."

Rainelda, ule uuguzi umeutamani tangu ukiwa unawafunga wanasesere bendeji kwa vipande vya kitambaa changu. Chuo hakina bweni la kutosha, sisi hatuna uwezo wa kukupangishia chumba, na nyumba ya shangazi yako iko karibu kiasi cha kwenda chuoni kwa miguu. Ukiikataa nyumba ile, chuo kimekwenda. Tunalijua hilo sote watatu, ndiyo maana tangu juzi nyumba hii imekuwa kimya namna hii.

Sasa nikuambie jambo la aibu. Nilipokusikia pale nyuma ya nyumba, nilifurahi. Si kwamba nilitaka ukose chuo, la hasha. Nilifurahi kama mtu aliyebishiwa muda mrefu halafu akapata shahidi. Nilijisemea moyoni, unaona sasa, hata mtoto ameoneshwa. Nikavaa kandambili zangu, nikaenda kazini nikiwa napiga mluzi. Ile furaha ilinichukua mpaka saa ya chai, ndipo ikaanza kunitoka.

Hujawahi kuelezwa vizuri kwa nini shangazi yako haji kwetu. Ukiuliza unaambiwa hayo ni mambo ya wakubwa. Haya, wewe sasa ni mkubwa.

Skola ni dada yangu, tumbo moja. Mama yetu, huyo uliyerithi jina lake, alifariki mimi nikiwa mdogo, kule kijijini upande wa Namtumbo. Baba alikuwa mtu wa tumbaku. Msimu wa kukausha alishinda na kulala kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia, akilinda moto usizidi wala usizime, na huko nyumbani tulibaki mimi na dada. Naye alikuwa mtoto tu. Alisonga ugali kwa mwiko uliokuwa mrefu kuliko mkono wake, akichuchumaa huku na huku kukwepa moshi. Mimi nilikuwa mgumu wa kula tangu mama atutoke. Basi alinilisha kwa mkono, tonge kwa tonge, akinitishia kwamba nisipomaliza atampa mbwa. Mbwa hatukuwa naye.

Alipokua aliolewa na Mbena, akahamia Njombe. Mimi nikaja mjini kujifunza ushonaji, nikamwoa mama yako, na kabla yako tukampata kaka yako Gaudensi. Kaburi lake unalijua, kila Novemba tunakwenda kulipalilia. Skola alikuja kumwona mtoto, akaja na unga na maharage na furaha ya kupitiliza, akatupikia, akatulisha sote. Wiki ileile Gaudensi akashikwa na homa. Tulimkimbiza hospitali, wakahangaika naye, ikashindikana. Alikuwa hajaanza hata kukaa.

Siku chache baada ya mazishi niliota. Niko ndani ya bani la baba, moshi umejaa, sioni mtu. Mkono unatokeza kwenye moshi, unanilisha nyama. Niliujua ule mkono, una kovu la moto juu ya kidole gumba. Nikala, nikala tena, na ile nyama ilikuwa tamu. Niliamka nikatapika.

Asubuhi nikamsimulia jirani aliyekuja kutoa pole. Simtaji, naye ametangulia. Akaniuliza swali moja tu, kama nyama ilikuwa mbichi au imepikwa. Nikamwambia sikumbuki. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi fundi, umeshamjua." Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkamata, mama. Mtu akifiwa na mtoto anataka awepo wa kukamatwa, maana homa huwezi kuikaba koo.

Skola alikuwa bado yuko kwetu. Mchana ule alikuwa amepikia waombolezaji, akaleta sufuria ya ugali na bakuli la mboga, akaviweka mbele yangu. Nikanyanyuka. Nikavichukua vyote viwili, sikuonja hata tonge, nikavipeleka mlangoni nikavitua kando ya mfuko wake wa safari. Unajua mwenyewe kwetu maana yake ni nini. Kumrudishia mtu chakula alichokipika kwa mkono wake, msibani, mbele ya watu, ni kumwita mchawi bila kufungua mdomo. Uwanja mzima ulielewa. Akina mama waliacha kuimba.

Hakuniuliza kosa lake. Alimwagia kuku ule ugali, akachota maji, akaisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaifunika kwenye kichanja. Kisha akaja mpaka niliposimama. "Sufuria nimeiosha, mdogo wangu," akaniambia. "Mtapikia." Akachukua mfuko wake, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi, na hakuna aliyemsindikiza.

Mimi simlaumu jirani, wala simlaumu rafiki yako wa maombi. Kosa langu si kuota. Ndoto naziheshimu, hata kanisani tunasomewa habari za watu waliosemeshwa na Mungu usingizini wakaamka wakatii. Kosa langu ni kwamba nilikwenda kuuliza maana kwa mtu ambaye hakuwamo ndotoni, na aliyekuwamo alikuwa palepale nyumbani kwangu anachambua mchele.

Na nilikuwa nimefundishwa vingine. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na desturi yake, na ukoo wetu wote uliifuata. Ukimwota ndugu aliyekufa, unadondosha unga kidogo kizingitini, unamtaja jina, na Jumapili unamwombea misa. Ukimwota ndugu aliye hai, unanyanyuka siku hiyohiyo kwenda kumwamkia. Unamkuta shambani, unamwambia, nimekuota, nimekuja kuona umeamkaje. Basi. Hutafsiri chochote njiani. Yeye ndiye atakayekuambia, pengine anaumwa, pengine ana neno lako moyoni, pengine hana lolote, mtakunywa togwa na utarudi kwako. Alikuwapo babu mmoja aliyekuwa akiwaota sana wenzake wanapokuwa wamepika pombe, na bado walimpokea, wakamcheka, wakamjazia kata.

Kwa hiyo ile asubuhi nilitakiwa kufanya kitu kidogo sana. Niingie ndani, nimwambie, dada, nimekuota unanilisha nyama kwenye bani la baba, umeamkaje? Nimeliwaza jambo hili mara nyingi nikiwa nimeinamia cherehani. Nadhani angeangua kilio, na mimi ningelia, na ingekuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kulia tangu tumzike mtoto. Maana sasa nikiitazama ndoto ile naiona ilivyokuwa. Nilikuwa nimefiwa, na nilipofiwa mara ya kwanza maishani mwangu, mkono ule ndio ulionilisha nikaishi. Usingizini nilirudi kwenye mkono niliokuwa naujua. Nikaamka nikaukata.

Yaliyofuata umeyaona kwa macho yako, ila hukujua unaona nini. Kila msimu konda wa basi la Njombe ananipigia simu, fundi, mzigo wako. Kiroba cha viazi. Hakina barua, hakina salamu, kina viazi tu, vimechaguliwa vikubwavikubwa. Naenda stendi nakichukua, maana kukikataa mbele ya makonda ningeonekana kichaa. Halafu navigawa. Vijana wa bodaboda wa hapa kona wamenenepa kwa viazi vya dada yangu. Ulikuwa mdogo, ukaniuliza kwa nini sisi hatuli, nikakujibu kwamba vile si viazi vya kuliwa na watoto wetu. Ukaniuliza vina nini. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nadhani siku ile ndipo nilipoipanda ndoto yako, mama. Rafiki yako wa maombi amekuja kuvuna tu.

Sasa sikia vituko. Juzi jioni, ulipokuwa umekwenda kwaya, nilimwambia mama yako kwamba pengine Mungu ametuonesha, pengine mtoto asiende. Nilisema kwa unyenyekevu wote, kama mzee wa busara. Mama yako alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka akamaliza kile kifuu, akakiweka chini, akaniangalia. Hujawahi kuona mama yako akiniangalia hivyo, na naomba usije ukaona.

"Vile viazi," akasema, "nilikuwa nabakiza nusu. Kila kiroba. Mwanao amekula viazi vya Skola tangu hajaota meno, nilimpondea na maziwa. Na wewe umekula. Zile chapati za viazi unazozisifia mpaka kwa wateja, unadhani natoa wapi viazi?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilitaka kucheka, nikashindwa pia. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Miaka yote hii nimejiona mlinzi wa nyumba, kumbe nyumba imekula, imeshiba, na imenawa. Na wewe umekua, mrefu kunipita, na sauti yako kwaya nzima inaisikilizia. Kama chakula cha dada yangu kina kitu ndani yake, basi ni wewe.

Mama yako hakuishia hapo. Alinipa simu akaniambia nimpigie, na aliposema nimpigie hakuwa anauliza. Nilijifanya sina namba. Akaitafuta mwenyewe, akaibonyeza, akanishikisha sikioni. Ikaita. Ikapokelewa. Nikasema shikamoo dada. Sikupata hata kusema samahani. Nikamwambia tu kwamba Rainelda anakuja kuanza chuo, kama mama yake alivyokwisha kumwomba.

Dada akauliza swali moja, kwa sauti yake ileile ya utotoni, kavu, ya haraka haraka.

"Huyo mama yetu, anakula nini?"

Nikampa simu mama yako. Wakaongea muda mrefu, habari za mboga unazozipenda na dagaa usiowapenda. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, na sioni haya kukuambia. Nililia kwa ajili ya Gaudensi, nikalia kwa ajili ya sufuria ile iliyosuguliwa kwa mchanga. Mama yako aliniona na akaniacha nilie.

Utataka kujua sasa ndoto yako ina maana gani. Sijui, Rainelda. Ningeweza kukupa maana nzuri, na maneno ninayo. Ningesema anayekulisha ndotoni anakutamani, kwa kuwa unaitwa jina la mama yake na amekuona mara moja tu, kwenye mazishi ya babu yako, ukiwa umebebwa mgongoni. Ningesema sahani isiyokwisha ni baraka. Lakini maana nzuri niliyoitunga mimi na maana mbaya aliyoitunga rafiki yako zote zimetoka nje ya ile nyumba. Nimeshaponzwa na tafsiri, sitaki kukuachia nyingine. Mwenye ndoto ni wewe, na aliyekuwamo ni Skolastika. Mwulize. Mwambie, shangazi, nimekuota unanilisha, nimekuja kuona umeamkaje. Mwambie hata kwamba uliogopa. Ni mtu mwenye moyo mpana, amebeba mengi kuliko hilo.

Kusali sikukatazi. Sali kabla ya kula, sali baada ya kula, piga ishara ya msalaba mpaka mkono uchoke. Kufunga pia funga ukitaka, ila usianze kufunga siku ya kwanza ukiwa umeketi mezani kwake, tafadhali. Nimeshauona uso wake mara moja chakula kikirudishwa. Asiuone tena huo mchezo, na hasa kutoka kwa mtu anayeitwa Rainelda.

Ila sitakulazimisha. Ukifika, ukaona moyo umegoma kabisa, utaniambia, na tutatafuta njia nyingine hata ikibidi cherehani moja iondoke. Sitakuita mjinga, maana nilikuwa mtu mzima mwenye mke na biashara nilipoogopa hicho hicho unachokiogopa wewe.

Barua hii mama yako atakupa asubuhi, na nimemwambia akuapishe usiifungue mpaka basi liwe limetoka mjini. Kwa hiyo unapoisoma tumekwisha kuagana na mama yako pale stendi, amelia, umelia, na mimi nimepanda ndani kukusaidia kuweka begi juu. Pengine ulishangaa kwamba konda alipopiga kelele wasindikizaji washuke, sikushuka. Nilikuambia nashukia hapo mbele kidogo, nina mteja.

Sina mteja. Nakwenda Njombe. Yule uliye naye kiti kimoja, aliyejifunika kofia usoni na kujifanya amelala, hajalala, anakuchungulia unavyosoma. Usinishtue, usinichekeshe, niache mpaka nizoee. Nimemwota dada yangu na nimechelewa sana kwenda kumwamkia, na safari hii sina uwezo wa kuifanya peke yangu. Mama yako anadhani nakusindikiza wewe. Wewe ndiye unayenisindikiza.

Tukifika ataleta maji, ataleta ugali. Usifanye chochote, mama. Tulia tu unitazame. Nitanawa, nitamega, nitakula mbele yako na mbele yake mpaka sahani iishe, na akiniongezea nitakula tena.

Ni mimi baba yako.